Siku Niliyompelekea Mke wa Bosi Isale

Kama unaishi Moshi na umewahi kusikia habari za binti wa ofisini aliyepanda Kibosho kumpigia magoti mke wa bosi wake mbele ya ukoo mzima, siku ya komunyo ya mtoto, basi huyo binti ni mimi. Nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu inavyozunguka mitaani imeshaongezwa chumvi mpaka kuna toleo ambalo mimi nilizimia nikamwagiwa maji (sikuzimia, ingawa nilitamani sana). Aibu ninayo, siifichi. Lakini nikae kimya watu wanisimulie vibaya? Hapana, mimi ni mtu wa kupenda mambo yawe sahihi, hata yale ya kunidhalilisha.

Nianze na jinsi nilivyo, maana bila hapo hamtaelewa. Mimi sikusoma chuo. Nilimaliza kidato cha nne Shinyanga, ambako baba yangu alikuwa akifanya kazi, halafu nikajifundisha kompyuta kwa simu yenye kioo kilichopasuka: kutengeneza matangazo, kuandika barua pepe kwa Kiingereza kinachoeleweka, kutunza ukurasa wa biashara mtandaoni. Na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake, daima anahisi siku moja atatokea mwenye cheti amuulize nani alikuruhusu, kwa hiyo mimi barua ya mistari minne naisoma na kuirudia mpaka maneno yenyewe yananichoka. Nilipopata kazi Moshi, kwenye kampuni moja ndogo ya kupandisha wageni mlimani, baba alifurahi kuliko mimi, akawa anawatangazia watu kwamba mtoto amerudi nyumbani. Nyumbani kwetu kwa asili ni Mwika, ni kweli, ila mimi Mwika niliifikia likizo mbili tatu nikiwa mdogo, Kichagga changu kinaanzia kwenye "aika" ya kushukuru na kuishia hapo hapo, na kwa kuwa nimekulia kati ya Wasukuma nilifundishwa kwamba binti akimsalimia mkubwa anapiga goti. Niliona ni heshima tu, heshima haina kabila. Kumbe.

Sasa kazi. Bosi wangu nitamwita Baba Gasper, kwa sababu ndivyo mke wake anavyomwita. Alikuwa kiongozi wa wageni mlimani kwa miaka mingi kabla ya kufungua kampuni yake, mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuita watu walioko ng'ambo ya bonde, na hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia ofisini, chumba chenye meza mbili. Si mtu mbaya. Ila alikuwa akimwahidi mgeni kwa simu kila kitu alichotamani, hema jipya, mpishi asiyegusa nyama, chumba chenye dirisha la kuuona mlima, halafu mgeni anafika anakuta hema lenye zipu iliyokufa na dirisha linalotazama ukuta wa gereji, na ndipo naitwa mimi. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa mawasiliano, lakini kwa vitendo ilikuwa kuomba radhi. Asubuhi naomba radhi kwa Wajerumani, mchana kwa Wakorea, jioni napelekwa stoo kuanika mifuko ya kulalia inayonuka miguu ya mataifa yote, na usiku, nikiwa nimeshalala, bosi ananipigia kuuliza neno la siri la barua pepe ambalo nilimwandikia kwa wino mzito nikambandikia mezani kwake. Kila kosa lake lilitoka nje likiwa na jina langu chini. Kwa mtu wa aina yangu hayo yalikuwa mateso, nilianza kuota barua.

Kwa hiyo nilitaka kuacha. Shida ni kwamba kuacha kazi kwa Baba Gasper si kitu cha kuamka asubuhi ukaamua. Moshi kwenye mambo ya utalii ni kama nyumba moja yenye vyumba vingi, kila mwenye kampuni anamjua mwenzake, na bosi wangu aliyechukia kuachwa alikuwa akiwapigia wote. Mpishi aliyeondoka nikiwa mgeni pale, bosi alikaa kwenye kiti akapiga simu moja baada ya nyingine, mimi nikiwa meza ya pili nasikia, "Huyo akija kwako usimchukue, ni mtu wa kukimbia kazi," na mpishi yule mpaka leo anakaanga chipsi Himo (chipsi nzuri sana, lakini si maisha aliyoyataka). Mimi cheti sina. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni jina langu, litajwe vizuri na mtu aliyeniona nikifanya kazi. Likichafuliwa hilo, narudi Shinyanga kwa baba ambaye ameshatangaza.

Wiki hiyo nilikuwa nimebanwa kweli kweli. Bosi alikuwa amepumzika nyumbani kwake Kibosho baada ya kuteguka kifundo cha mguu akishuka mlimani, na Jumatatu lilikuwa linakuja kundi kubwa la wageni, mwanzo wa msimu, na nilijua nikiupokea msimu bila kumwambia kitu sitaondoka tena, nitameza tu. Nilimweleza Zuhura, tunayekaa naye chumba kimoja Majengo, anauza nguo Mbuyuni, nikamweleza kwa mara ya ngapi sijui.

"Shoga yangu," akasema, "uache, usiache, mimi nataka kulala. Hiyo simu ya bosi wako inaniamsha mimi kuliko wewe."

"Sasa nimwambieje?"

"Mfuate nyumbani. Mtu ukimfuata nyumbani kwake analainika. Anza na mkewe, mke akishakuelewa mume atafoka nini? Na usiende mikono mitupu."

Ushauri mzuri, hata leo nasema ulikuwa mzuri. Walioharibu ni mimi na usahihi wangu. Jumamosi nzima niliandaa maneno. Niliyasema mbele ya kioo, nikaondoa kila neno kali, nikalainisha hapa, nikasogeza pale, na mwisho nikaondoa hata neno "kazi" lenyewe, kwa sababu "naacha kazi" ilisikika kama kumtukana mtu sebuleni kwake. Nikabaki na maneno yaliyonyooka, laini, yenye adabu tupu. Nilijisikia fundi.

Jumapili baada ya kanisa nikanunua kikapu cha ukindu, nikapanga ndani mkate, sukari, majani ya chai, machungwa na sabuni za kufulia, nikafunga mshikio kwa utepe mwekundu wenye ua la mikunjo (nilijifundisha kulikunja mtandaoni, na lilipendeza, acheni nijisifu pale ninapostahili). Nikavaa gauni langu pana la kitenge, kwa sababu kwenye pikipiki gauni la kubana ni mateso, nikapanda bodaboda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Barabara ya kule ikilowa ni utelezi na mawe, na tulipofika karibu na kwao niliposhuka na kukiangalia kikapu, utepe wangu ulikuwa umerukiwa matope mpaka haujulikani rangi, na lile ua limelegea kama soksi. Mtu mwingine angeufungua, akautupa, akaendelea na safari yake, na leo hii mngekuwa hamnijui. Mimi niliufungua, nikasimama pale njiani nikikitazama kikapu kisicho na pambo, moyo unaniuma. Pembeni kulikuwa na ua wa mimea inayotenganisha kihamba na kihamba, shamba la ukoo huu na la ukoo ule, majani marefu ya kijani, mapana kidogo, yanang'aa kwa mvua, laini kabisa, kama Mungu aliyaumba kwa ajili ya kufungia zawadi. Nikavunja mawili. Nikayafunga fundo zuri juu ya mshikio, ncha zikaning'inia sawasawa huku na huku, nikarudi nyuma nikatazama, nikapiga na picha nikamtumia Zuhura. Nikaandika, "Asili imeushinda hata utepe."

Pale pale alipita baba mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alikitazama kikapu, akanitazama usoni, akatua mzigo, akavua kofia.

"Pole sana, binti," akaniambia. "Ukifika usiogope. Mungu akutangulie."

Nikamshukuru. Nilidhani ananipa pole ya barabara.

Nyumbani kwa bosi nilikuta turubai. Nilikuta na spika, na meza zenye vitambaa vyeupe, na sufuria juu ya mafiga, na watu wengi mno, na mtoto Gasper katikati amevaa shati jeupe na rozari shingoni, kumbe ilikuwa sherehe ya komunyo yake ya kwanza na mimi bosi hakuniambia wala hakunialika (na kwa nini angenialika). Nilitaka kugeuka. Lakini walikuwa wameshaniona, na jambo la ajabu likaanza, kelele zikawa zinapungua meza baada ya meza kadiri ninavyopita, watu wananipisha njia, wamama wanashika midomo, mzee mmoja akaweka chini kibuyu chake cha mbege bila kunywa. Na mimi, jamani, mimi nikafikiri wanakishangaa kikapu. Nikakinyanyua kidogo wakione vizuri.

Mama Gasper alikuwa amekaa mbele karibu na keki, amevaa kitenge cha sherehe, mama mwenye sura tulivu. Nikafika, nikapiga magoti yote mawili kwenye nyasi, nikamnyooshea kikapu kwa mikono miwili, fundo la majani likiwa usoni pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu polepole. Macho yake yalikuwa kwenye fundo. "Wewe si yule binti wa ofisini?"

"Ndiye mimi, mama. Eliaichi. Naomba unisamehe sana." Nilikuwa naendelea na "kwa kuja bila taarifa", lakini nikajichanganya, nikarukia mstari uliofuata. "Nimekuja kwako kwanza kabla ya mzee, kwa sababu wewe ndiye unayestahili kuambiwa. Ni kuhusu mimi na mzee."

Mtu akazima muziki.

"Wewe na mzee," akarudia Mama Gasper.

"Ndiyo, mama. Nimejitahidi miezi mitatu hii, lakini nimeona siwezi kuendelea. Ananipigia hata usiku, mpaka ninayeishi naye analalamika. Sitaki ugomvi na mtu. Nataka tu tuachane kwa amani."

"Miezi mitatu!" akapaza sauti shangazi mmoja mwenye kilemba cha njano, dada wa bosi, huyo nitamkumbuka mpaka naingia kaburini. "Yesu, Maria na Yosefu! Na tazameni gauni lenyewe alilovaa!"

Sikuelewa gauni langu limeingiaje kwenye habari hizi. Nikalitazama. Lilikuwa safi.

"Na yeye anasemaje?" Mama Gasper akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu walisogea.

"Hajui bado, mama. Naogopa kumwambia. Unamjua mzee, ukimwambia jambo kama hili anapandisha sauti, halafu anakuchafulia jina mji mzima."

"Hajui bado!" Shangazi akageuka nyuma, akaanza kuwatafsiria kwa Kichagga waliokaa mbali, na niliweza kuiona habari inavyosafiri chini ya turubai, vichwa vinainama kimoja kwa kingine.

Nilipoona uso wa Mama Gasper umebadilika, nikafikiri ana wasiwasi wa msimu, wageni wa Jumatatu watahudumiwa na nani, maskini. Nikaona nimtulize kwa ile sehemu niliyoiandaa kwa ajili hiyo hasa.

"Lakini usiwe na wasiwasi, mama, mzee hatakosa mtu. Nina rafiki yangu yuko tayari kuchukua nafasi yangu, tena ni mchangamfu kuliko mimi. Na kabla sijaondoka nitamfundisha mwenyewe kila kitu mzee anachopenda."

Kuna mtu aliangusha sahani. Ilikuwa ya bati, ililia muda mrefu.

Ndipo bosi mwenyewe akatokea mlangoni, anachechemea, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kipande cha ndafu. Alinikuta pale chini. "Eliaichi? Unafanya nini hapa?"

"Baba Gasper," mke wake akasema, "weka nyama chini."

Akaweka nyama chini. Akaliona lile fundo. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe, akautazama ukoo wake wote uliokuwa unamtazama yeye, na badala ya kuuliza kuna nini kama mtu yeyote mwenye akili zake, akanyoosha mkono wenye mafuta akasema, "Mimi sijafanya kitu." Hakuna aliyekuwa amemwuliza bado. Nadhani hata waliokuwa na mashaka, hapo waliyamaliza.

"Haya!" akasema Shangazi. "Na hakuna aliyemtaja!"

Mama Gasper alisimama. Sijui angefanya nini, sitaki kujua. Lakini kutoka nyuma alikuja bibi mmoja mdogo kwa umbo, mama mzazi wa bosi, anatembea taratibu na kila mtu anamngoja, akafika akasimama kati yetu.

"Kwanza lipokelewe," akasema. "Maneno baadaye."

"Mama, mimi hili silipokei," Mama Gasper akasema.

"Utalipokea. Isale halikataliwi. Hata aliyemwaga damu akija nalo, linapokelewa."

Niliinua kichwa. Aliyemwaga damu? Nilikuwa nimeleta machungwa.

Mama Gasper alilichomoa lile fundo kwenye mshikio kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu cha moto, akalishika. "Nimesamehe," akasema. Halafu akatugeukia sote. "Sasa mniambie nimesamehe nini."

Bibi akaniinamia. "Sema, mwanangu. Umefanya nini? Usiogope, limeshapokelewa."

"Bibi, mimi sijafanya kitu," nikasema, na machozi sasa yameanza, "nilikuja kuaga."

"Kuaga nini?"

"Kazi. Naacha kazi."

"Kazi?" mtu akasema. "Kazi," akajibiwa, na lile neno nililolifuta Jumamosi mbele ya kioo likaanza kutembea peke yake kuelekea nyuma ya turubai.

"Kazi gani?" Shangazi hakukata tamaa.

"Ya ofisini. Ya kuandika barua pepe."

"Na usiku anakupigia ya nini?"

"Anauliza neno la siri. Nimembandikia mezani lakini halioni."

"Sasa kama ni hivyo," Shangazi akaja juu, "isale la nini?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilimtazama kwa unyofu wangu wote nikauliza, "Isale ni nini?"

Bibi alichukua fundo mkononi mwa mkwe wake, akaliweka mbele ya macho yangu. "Hili. Umelitoa wapi?"

"Hapo kwenye ua wa nje, bibi. Utepe wangu uliingia matope."

Yule mzee wa kibuyu cha mbege ndiye aliyeanza. Alicheka kwa kukohoa kwanza, halafu mabega, halafu akalazimika kushikwa. Wengine wakafuata. Bibi hakucheka bado. Akaniuliza, "Na wewe ni mtoto wa wapi?"

Ningeweza kusema Shinyanga. Ingekuwa kweli nusu na wangenionea huruma. Lakini mimi na usahihi wangu.

"Mwika," nikasema.

Turubai lilitaka kuanguka. "Mwika!" mtu akapiga meza. "Basi Mwika siku hizi wanafungia zawadi masale!" Mwingine akasema, "Mwache, Mangi, labda kwao ni mboga." Nilikuwa nimedhaniwa mchepuko, nimedhaniwa mjamzito, nimedhaniwa nimemtafutia bosi mwanamke wa pili na kumpa mafunzo, na katika yote hayo nawaambia ukweli wangu, hilo la Mwika ndilo lililoniuma zaidi.

Bibi alinieleza pale pale, kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba hilo jani ndilo la kuombea msamaha. Kwamba mtu akikosa kosa ambalo mdomo hauwezi kulibeba, analifunga fundo, analileta, na aliyekosewa halikatai, na akishalipokea haruhusiwi kulipiza wala kuweka kinyongo. Na anayelileta anainama. Nilikuwa nimeinama, nilikuwa nimepiga na magoti juu yake, Kisukuma na Kichagga vimekutana Kibosho.

Mngedhani imeishia hapo, watu wacheke, nipewe soda, niondoke. Lakini Baba Gasper, alipopona hofu ya kwanza, akakumbuka ya pili. Uso ukamkunjika.

"Subiri kwanza. Anaacha kazi? Jumatatu nina kundi la wageni na yeye anaacha kazi?" Ile sauti ya bondeni ikapanda. "Acha! Acha tuone. Nenda kaone kama kuna mlango Moshi hii utakaokufungukia. Nitampigia kila mtu, kila mtu!"

Ndilo lile jambo nililoliogopa miezi yote ile, lile lililonifanya niandae maneno, ninunue kikapu, nipande bodaboda kwenye matope. Lilikuwa limefika, mbele ya watu wote, na mimi bado niko chini. Na sijui niwaelezeje, lakini nilipolisikia lote likisemwa hivyo kwa sauti, halikuwa kubwa kama nilivyolifuga kichwani. Aibu ilikuwa imeshaisha yote, sikubakiwa na kitu cha kulinda. Nikasimama, nikakung'uta nyasi magotini.

"Naacha kazi, mzee," nikasema. "Wageni wa Jumatatu nitawapokea, barua zao ziko tayari, na nitawahudumia mpaka washuke. Wakishaondoka, na mimi naondoka."

Akafungua mdomo.

"Limepokelewa," Bibi akasema.

"Mama, lile lilikuwa kosa tu, yeye mwenyewe hakujua anachokileta!"

"Wewe ulikuwa unajua?"

Bosi akahamishia fimbo mkono wa pili.

"Ulikuwepo likipokelewa?"

"Nilikuwepo, mama."

"Limepokelewa nyumba gani?"

"Hii."

"Basi jina la mtoto huyu halitoki mdomoni mwako kwa ubaya. Siku utakayolitaja vibaya umelitupa isale, na ukilitupa, mimi nikifa usije kunizika."

Hakuna aliyecheka tena. Hata Shangazi alikunja mikono akatazama chini. Mama Gasper, aliyekuwa amerudi kukaa na kukishika kikapu changu mapajani, akasema bila kumtazama mumewe, "Mimi nilisamehe bila kujua ninasamehe nini. Wewe unakijua, kwako ni rahisi."

Bosi aliangalia ile nyama yake pale chini, imeshaanza kuzungukwa na kuku. Alipumua kwa nguvu. "Haya," akasema. "Aende." Halafu, kwa sababu mtu habadiliki kwa siku moja, akaongeza, "Lakini Jumatatu asichelewe."

Sikuachiwa niondoke. Nilikalishwa, nikapewa bakuli la mtori nililolimeza kwa shida kila mtu akinitazama, na mbege kidogo, na yule mzee alikuja mara mbili kuniuliza kama na keki ningependa ifungwe. Mama Gasper alinisindikiza mpaka njiani. Tulipofika kwenye ule ua akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kweli ni neno la siri tu?" Nikamwambia, mama, naweza kukutajia na lenyewe, ni jina la mwanao. Akacheka mpaka akashika mti, na nadhani ndipo aliponisamehe kweli, ile ya kwanza ilikuwa ya desturi.

Habari iliteremka mlima kabla yangu. Nilipofika Majengo, Zuhura alikuwa ameshaipata kutoka kwa mteja, na aliipata ile yenye mimba ya mapacha. Kwa wiki kadhaa nilipokuwa napita sokoni wamama walikuwa wananitazama tumboni kwanza ndipo usoni, na kazini wapagazi wote waliacha kuniita Eliaichi, wakawa wananiita Isale, "Isale, hema liko wapi," "Isale, nisamehe sijafua mfuko." Nilivumilia. Wageni wale niliwapokea, wakapanda, wakashuka salama, niliandika barua zangu za mwisho za kuomba radhi (zipu, kama kawaida), nikakabidhi kila kitu, nikaondoka mchana kweupe nikiwa nimeagana na bosi kwa mkono. Alinishika kwa vidole viwili, lakini alinishika.

Sijutii kuacha, hilo nalisema wazi. Ninachojutia ni ile Jumamosi ya kioo. Nilidhani adabu ni kulizunguka jambo mpaka lisionekane, kumbe ukilificha sana watu wanajazia la kwao, na la kwao huwa ni kubwa kuliko lako. Siku hizi natanguliza neno lenyewe, heshima zinafuata nyuma.

Na kazi nimepata. Kampuni nyingine, hapa hapa Moshi, mama mmoja mwenye maswali mafupi. Siku ya usaili aliniambia alimpigia bosi wangu wa zamani kuuliza habari zangu, nikaokota mkoba wangu niondoke.

"Alikaa kimya muda mrefu," akaniambia, "mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, 'Anafanya kazi vizuri. Mama yangu anamfahamu.'" Akanitazama juu ya miwani. "Hilo la mama yake sikulielewa."

Nikamwambia ni habari ndefu. Sikumsimulia, nilimwacha aje aisikie mwenyewe mjini, ataipata tu, na huenda ataipata ile ya kuzimia. Kazi yenyewe naipenda mpaka sasa. Lakini ikitokea siku imenishinda nayo, naapa mbele yenu, nitaaga kwa simu, nikiwa nimekaa kitandani kwangu, maneno mawili, nikate.